Mlango Mdogo Ndani ya Mlango Mkubwa

Katika nyumba nyingi za mji wetu wa Lubumbashi, chumba kizuri kuliko vyote ni kile ambacho watoto hawaketi. Tunakiita saloni. Humo mna viti vikubwa vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, kabati la vioo lenye sahani ambazo hazijawahi kuonja bukari, maua ya plastiki, picha ya arusi, na meza ndogo ambayo kona zake zimeumiza paji la uso la kila mtoto aliyejifunza kutembea hapo. Mgeni akibisha hodi, watoto huinuka na kwenda uani. Hatusemi haya kwa kulaumu. Saloni ni adabu ya nyumba. Ni namna ya kumwambia mgeni kwamba tulimngoja kabla hajafika. Lakini kwa muda sasa tumekuwa tukijiuliza: je, nyumba yaweza kumwambia mtoto neno lile lile?

Swali hilo halikutujia kwa kupenda anasa. Tulikuwa na watoto watatu, wakawa watano. Dada yetu alipofariki, watoto wake wawili walikuja kukaa kwetu, msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka sita. Walipokewa kwa mikono miwili; walipewa godoro, sahani, sare za masomo na nafasi mezani. Hata hivyo waliketi ukingoni mwa kiti, kama watu wanaongoja jina lao liitwe. Waliomba ruhusa ya kunywa maji. Nguo zao zilikaa katika mfuko waliokuja nao, na kila asubuhi walitoa walichokihitaji, wakafunga zipu tena. Miezi minne ikapita. Tuliwaambia mara nyingi, "Hapa ni kwenu," nao wakajibu, "Ndiyo, baba, ndiyo, mama," kwa heshima ile ile ambayo mgeni humjibu nayo mwenyeji wake. Tukatambua kwamba jambo hili halielezwi kwa mdomo peke yake. Kuta nazo hazina budi kulisema.

Ndipo tulipokutana na habari za duka la vitabu vya watoto liitwalo Wild Rumpus, lililofunguliwa mwaka 1992 mjini Minneapolis, Marekani. Mlango wake mkubwa una mlango mwingine ndani yake: mdogo, wa rangi ya zambarau, uliopimwa kwa kimo cha mtoto. Mtu mzima hufungua mlango wake, naye mtoto hufungua wa kwake. Hahitaji kushikwa mkono wala kungoja mtu amsukumie ubao mzito. Kabla hajaona kitabu hata kimoja, amekwisha kuelewa kwamba aliyejenga mahali pale alimfikiria yeye.

Ndani yake mambo ni ya kustaajabisha zaidi. Kadiri mtu anavyozidi kuingia, ndivyo dari linavyozidi kuonekana kama limepasuka na kuacha anga lichungulie. Paka hulala juu ya viti vya wasomaji, na kuku wamewahi kutembea kati ya rafu. Wenye duka walitaka mtu ashindwe kujua mahali nyumba inapokoma na bustani inapoanza. Wazo hilo walilichota katika kitabu cha watoto cha Anne Mazer, The Salamander Room, ambamo mvulana anataka kumtunza mnyama mdogo wa msituni chumbani mwake. Mama yake anamwuliza mnyama huyo atalala wapi, atakula nini, atacheza na nani. Na kwa kila jibu la mtoto, chumba kinazidi kugeuka kuwa msitu. Mama hamkatazi, anauliza tu, na maswali yake ndiyo yanayokijenga chumba. Mwaka 2017 jarida la Publishers Weekly lililitangaza Wild Rumpus kuwa duka la vitabu la mwaka nchini Marekani. Halijapata duka la vitabu vya watoto kupewa sifa hiyo kabla yake.

Mwaka 2005 lilifunguliwa pia Beijing duka lililoitwa Kid's Republic, kazi ya msanifu Mjapani Keiichiro Sako. Huko utepe mpana wenye rangi za upinde wa mvua ulipita sakafuni na kupanda ngazi, na katika kuta mlikatwa matundu ya duara, makubwa na madogo, ambamo mtoto aliingia na kitabu chake, akajikunja kama yai ndani ya kiota. Hakuna kiti cha kawaida kinachoweza kumpa mtoto raha ya namna hiyo.

Fikira hizi hazikuzaliwa madukani. Tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa maskini wa San Lorenzo mjini Roma, Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto. Katika nyumba za namna hiyo, meza na viti vilifanywa vidogo na vyepesi, ili mtoto mwenyewe aweze kuvihamisha. Mwaka 1920 mjini Bruxelles, na mwaka 1924 mjini Paris, zilifunguliwa maktaba za watoto zilizoitwa L'Heure Joyeuse, zawadi ya kamati ya Marekani baada ya vita vikuu vya kwanza. Rafu zake zilikuwa wazi na fupi, na mtoto alichukua kitabu kwa mkono wake mwenyewe. Kwa wengi wakati ule jambo hilo lilikuwa geni, kwa maana kitabu kilikuwa mali ya mtu mzima, naye ndiye aliyekitoa kabatini na kukirudisha.

Tulipoyatafakari haya yote, tuliona kwamba hatuhitaji mali ya Minneapolis wala ya Beijing. Ukiondoa rangi na gharama, maduka hayo yamejengwa juu ya mambo manne ambayo hata nyumba ya vyumba viwili na saloni yaweza kuyapata: kimo cha mtoto, sura ya kitabu, mahali pa kujificha, na kitu kimoja kisicho na faida yoyote isipokuwa furaha.

Tulianza na kimo. Tulichagua kona ya saloni iliyo mbali na mlango, upana wake mita moja na nusu. Seremala wa mtaani alitutengenezea ubao wa tripleksi wenye tao lililokatwa katikati, urefu wa sentimeta 110. Watoto wadogo hupita wima. Sisi hatuna budi kuinama. Siku ya kwanza tulipoinama tulikumbuka ule mlango wa kanisa la Bethlehemu, ulio na kimo cha mita 1.20 hivi, ambao wafalme na wakulima huupita kwa kuinamisha kichwa sawasawa. Ni vizuri nyumba iwe na mahali pamoja ambapo mkubwa ndiye anayejipunguza.

Jambo la pili ni sura ya kitabu. Katika kabati la mtu mzima, vitabu husimama vikituonyesha migongo yao, nasi twasoma majina yaliyoandikwa juu yake. Mtoto asiyejua kusoma hupata nini katika mgongo wa kitabu? Yeye hukitambua kitabu kwa uso wake, kama anavyomtambua shangazi. Ndiyo maana wenye maduka hugeuza majalada mbele. Sisi tulipigilia ukutani vipande vitatu vyembamba vya mbao, cha kwanza kikiwa sentimeta 60 kutoka sakafuni, na mbele ya kila kimoja tukafunga kamba ya kuzuia vitabu visianguke. Hapo tukagundua faida ambayo hatukuitazamia. Nyumba yetu ilikuwa na vitabu vya watoto 23 tu, vingine vimekwisha kupoteza jalada. Katika sanduku vilionekana kama takataka. Vilipopangwa nyuso mbele, kumi leo na kumi juma lijalo, ukuta ulijaa. Uchache wa vitabu, ambao ni shida ya familia nyingi katika nchi yetu, ulikoma kuonekana kama aibu.

Jambo la tatu ni mahali pa kujificha. Mtoto hapendi upweke, lakini anapenda kufunikwa. Anataka kuta zimkaribie, huku akisikia bado sauti ya sufuria jikoni na mazungumzo ya wakubwa. Tuliweka mkeka na mto ndani ya tao, tukaamua kununua kitenge cha pazia. Tuliwaambia watoto wote watano kwamba siku ya Jumamosi tungekwenda sokoni kukichagua pamoja. Ijumaa jioni yule msichana wa miaka tisa alikwenda kwenye mfuko wake, akafungua zipu, akatoa kitenge cha marehemu mama yake, cha rangi ya buluu chenye ndege weupe. Akasema, "Mama, hiki kinatosha." Tulipima pamoja naye. Kilitosha. Hatukukikata, tulikikunja juu na kukipitisha katika kamba, ili siku moja, akikihitaji, akichukue kikiwa kizima. Hatukumwuliza neno. Juma lililofuata tuliona mfuko ule umekunjwa, uko mtupu juu ya kabati, na nguo za wote wawili zimepangwa pamoja na za wenzao.

Tusiseme kwamba kitambaa kiliponya msiba. Msiba haupony­wi na mapambo, na mvulana wa miaka sita angali anaamka usiku akiita. Lakini sasa tunajua kwamba mtoto aliyefiwa hungoja kupewa mahali ambapo kitu chake chaweza kutundikwa. Tulipompa rafu na sahani, tulimpa vyetu. Alipotundika kitenge, alitupa chake, na kuanzia hapo hesabu ya mwenyeji na mgeni ilichanganyika.

Jambo la nne, kile kitu kisicho na faida, lilituletea mabishano. Tulitaka kuchora ukutani. Nkambo wa watoto, anayekaa nasi, alitutazama kwa muda, kisha akasema, "Wanangu, mgeni akiingia ataketi wapi? Atasema nyumba hii imekuwa masomo ya watoto wadogo."

Tukamjibu, "Mama, ataketi palepale. Tumesogeza kiti kimoja tu."

"Kiti kipi?"

"Kile cha marehemu baba."

Alinyamaza. Kiti hicho, chenye mikono ya mbao iliyolainishwa na viganja vya mzee, kilikuwa kimekaa kona hiyo tangu tulipoihamia nyumba hii. Hatukukitoa nje wala kukiuza. Tulikigeuza tu, kikaelekea kwenye mlango mdogo. Nkambo alikizunguka, akakiketia, akaona kwamba kutoka hapo anawaona watoto wote. Hakusema kwamba amekubali. Alisema tu, "Basi, mchoreni Kalulu. Sungura hakosi mahali."

Na hapa tulikumbuka kwamba si Marekani wala China zilizotufundisha kutia hadithi ukutani. Bibi zetu vijijini walipaka nyumba zao udongo mweupe na mwekundu, wakachora juu yake kwa vidole. Katika mji wetu huu, uliokuwa ukiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha mwaka 1946 karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Kutoka humo alitokea Pilipili Mulongoya, aliyejaza turubai zake samaki na ndege. Bela, aliyechora kwa ncha za vidole. Na Mwenze Kibwanga, aliyejenga picha nzima kwa vistari vifupi vilivyopangwa kama nyuzi za mkeka. Na katika miaka ya 1970 ilikuwa vigumu kupiga hodi katika mitaa yetu bila kukuta saloni yenye picha ya Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, akitazama wageni kutoka ukutani. Wazazi wetu hawakumtundika kwa sababu ana faida. Walimtundika kwa kuwa aliwafanya watu waketi na kusimulia. Saloni ya Lubumbashi, basi, ilikwisha kuwa kitabu chenye picha kabla hatujasikia habari za duka lolote.

Tulichora kwa chokaa iliyochanganywa na rangi ya unga, kwa namna ya Bela, yaani kwa vidole, kwa sababu vidole havinunuliwi. Kila mtoto alichora samaki mmoja na ndege mmoja. Kalulu tulimweka chini kabisa, nyuma ya mguu wa kiti cha mzee, kwenye kimo cha goti. Wakubwa hawamwoni. Wageni wetu wameingia na kutoka mara nyingi bila kumjua, lakini kila mtoto anayefika nyumbani humgundua kabla ya robo saa kupita, kisha hutazama huku na huku kama mtu aliyepewa siri. Siri hiyo ndogo imefungua urafiki mwingi.

Kwa wale wanaotaka kujaribu, tuna mambo machache ya kuwaeleza. Rafu ifungwe ukutani kwa misumari imara, maana mtoto huigeuza kuwa ngazi. Vitabu visigusane na ukuta wa nje. Katika majira ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, ukuta hutoa unyevu, na mchwa hupenda karatasi kuliko sisi. Kila juma vitolewe, vikung'utwe, vipigwe na hewa. Mshumaa usivuke mlango mdogo kamwe, hata kama umeme umekatika siku tatu. Pazia na mkeka ni chakula cha moto. Taa ndogo ya jua iliyochajiwa uani mchana yatosha. Na rangi kuukuu zisizojulikana zilitoka wapi zisitumike, kwa kuwa huenda zina risasi, nayo ni sumu kwa watoto.

Kuna onyo jingine, nalo si la mbao. Duka hupambwa ili liuze. Uzuri wake, hata ukiwa wa kweli, una mashine ya kuhesabia fedha karibu na mlango. Anayeyaiga maduka hayo bila kufikiri aweza kujikuta ananunua vitu vingi vya rangi, kisha anawakataza watoto kuvigusa visichakae. Hapo atakuwa amejenga saloni ya pili, ndogo kuliko ya kwanza. Kona yetu imekwisha kuchakaa. Samaki mmoja amefutwa na mgongo wa mtoto anayeegemea palepale kila siku. Kurasa tatu zimeshonwa kwa uzi. Kamba ya rafu ya chini ilikatika, ikafungwa kwa fundo lisilopendeza. Tunayaacha yabaki yalivyo, maana duka lasubiri mteja mpya kila asubuhi, bali nyumba ina watoto wale wale, nao huacha alama.

Tena, kona bila sauti ya mtu ni fanicha tu. Vitabu 23 husomwa vyote katika mwezi mmoja. Baada ya hapo ndipo kiti cha mzee kilipoanza kazi yake. Jioni nkambo huketi, watoto hujipanga ndani ya tao na miguu yao ikitoka nje chini ya ndege weupe, naye huanza habari za Kalulu kwa Kiswahili chetu, akichanganya maneno ya lugha ya kwao. Hadithi hizo hazina jalada. Msichana wetu ameanza kuziandika katika daftari, moja baada ya nyingine, na kila anapomaliza huisimamisha ile daftari kwenye rafu, uso mbele, kati ya vitabu vilivyochapishwa. Ndicho kitabu cha 24.

Tunawaalika ninyi wazazi, na ninyi mnaolea watoto wa ndugu zenu, kufanya zoezi moja kabla ya kununua rangi au ubao. Ngojeni saa ambayo nyumba ni tupu. Pigeni magoti katikati ya saloni yenu, mtazame kutoka kimo hicho. Mtaona upande wa chini wa meza, migongo ya viti, kufuli ya kabati, na picha zilizo juu mno. Hivyo ndivyo nyumba inavyoonekana na wale wanaoishi ndani yake kwa muda mrefu kuliko mgeni yeyote. Kisha tafuteni, mkiwa bado magotini, sehemu moja ya ukuta iliyo tupu. Mara nyingi ipo. Pale ndipo pa kuanzia.